Mzee wa Majengo Anajibu: Sinema ya Zamani, Fremu Mpya

Mwezi huu barua kadhaa zimehusu kumbi za zamani, nikaona niziweke pamoja. Ndefu nimeijibu kwa urefu, fupi kwa ufupi.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa mjini. Tuna jengo la sinema la zamani ambalo limefungwa miaka mingi. Mbele ni stoo ya mahindi na mbolea, ndani wamejaa popo. Sasa tumesikia mwenye jengo anataka kulivunja ajenge ghorofa la fremu za maduka. Wazazi, walimu na vijana wa sanaa tumeunda kikundi, tunataka libaki na liwe ukumbi wa maigizo, muziki na picha. Wazee wanasema lilijengwa na Wahindi, serikali ikalichukua, halafu likauzwa, lakini hakuna anayejua vizuri. Je, sheria inalilinda? Tuanzie wapi? Tumeshachanga fedha kidogo na vijana wanataka tuanze na rangi ya mbele ili mji uone tumedhamiria. — Mwalimu, Kihesa

Marahaba mwalimu, na kamwene kwa kikundi kizima. Hizo fedha za rangi zirudisheni kwa mweka hazina kwanza. Kupaka rangi jengo linalovuja ni kumvalisha mgonjwa suti badala ya kumpeleka hospitali.

Nianze na sheria, kwa kuwa jibu lake ni fupi ingawa halitawafurahisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo hata Wajerumani walikuwa hawajafika huku, sembuse sinema. Jengo la karne ya ishirini linaingia chini ya ulinzi pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza kwa amri. Dar es Salaam ilitangaziwa majengo yake kadhaa mwaka 1995, na bado mji ule umeendelea kupoteza majengo ya zamani, Salamander ya Mtaa wa Samora likiwamo. Kwa hiyo andikeni maombi yenu kwa Idara ya Mambo ya Kale, yapitie kwa afisa utamaduni wa manispaa, muambatanishe picha za kila upande, mchoro wa ramani ya ndani hata kama mmeuchora kwa mkono, na maelezo ya wazee waliolitumia. Nakala mpelekeeni ofisa mipango miji, maana kibali cha kuvunja na cha kujenga lazima kipite kwenye meza za halmashauri. Mkishapeleka msikae mkisubiri majibu, kwa sababu mwenye jengo hasubiri.

Kuhusu nani alikuwa mwenye jengo, wazee wenu wamesema kweli, ila wameruka hatua. Kumbi nyingi za sinema katika miji yetu zilijengwa na familia za wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na zilijengwa kibiashara hasa: maduka mbele yanayotazama barabara, pengine vyumba vya kupangisha juu, na ukumbi nyuma. Kodi ya maduka ilibeba siku ambazo picha haikuvuta watu. Mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilikwenda serikalini na kusimamiwa na Msajili wa Majumba. Baadhi yalirudishwa, mengi hayakurudi, na kuna watu waliojikuta ni wapangaji katika nyumba walizojenga wenyewe. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa na nyayo za karatasi katika ofisi tatu au nne, na ndiyo maana kila mzee ana hadithi yake.

Nendeni ofisi ya ardhi ya mkoa mkaombe upekuzi wa hati. Ada yake si ya kuwashinda. Mtazame mambo mawili tu: jina lililopo sasa, na muda wa hati. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na hati ya zamani inaweza kuwa imeisha bila mwenyewe kushtuka. Ikiwa imeisha, anayetaka kujenga ghorofa atalazimika kuomba upya, na hapo manispaa ina nafasi ya kuweka masharti. Sisemi mkamtege. Nasema mjue mnazungumza na nani na ameshika nini mkononi.

Umeuliza pia, kwenye ukurasa wa pili wa barua yako ambao sikuuchapa wote, kwa nini sinema ilikufa. Vijana wenu wanadhani ni televisheni. Televisheni ilikuja kummalizia mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye uingizaji na usambazaji wa picha ukawekwa mikononi mwake. Kisha fedha za kigeni zikaadimika, hasa baada ya vita vya Kagera. Picha mpya zikawa chache, vipuri havipatikani, vijiti vya kaboni vya taa ya mashine ya kuonyeshea picha vinatafutwa kama dawa. Mkanda unafika Iringa umeshazunguka nchi nzima, umekatwa na kuungwa mpaka steringi anaruka kutoka kwenye farasi hadi kitandani bila maelezo. Watu waliendelea kuja, kwa sababu steringi hafi na Jumapili haina kazi nyingine. Miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video, na televisheni za bara zilipoanza mwaka 1994 kumbi nyingi zilikuwa tayari zinapangishwa kwa mikutano, kwa ibada, au kwa magunia kama la kwenu.

Sasa jengo lenyewe. Hapa nisikilizeni kwa makini, maana ndiyo kazi yangu.

Pandeni juu kabla ya kitu kingine chochote. Sinema za enzi ile zina ukuta wa mbele uliopandishwa juu kuliko paa, wenye ngazi ngazi au duara, na jina la ukumbi katikati. Ukiwa barabarani unaona uso mzuri. Nyuma ya uso huo, mahali ambapo hakuna mtu anayepaona, paa linateremka na kuishia kwenye mfereji uliofichwa kati ya bati na ukuta. Mfereji huo ndio muuaji. Majani yanaingia, vumbi la kiangazi linageuka tope, mche wa mtini unaota, na mvua za Desemba zinapofika maji hayana pa kwenda ila ndani ya ukuta. Chini barabarani utaona doa la kijani au plasta iliyovimba chini ya herufi za jina. Watu wanasema ukuta umezeeka. Ukuta haujazeeka, umelewa maji. Safisheni mfereji ule, fungueni bomba la kushushia maji, zibeni matundu ya bati, na mtakuwa mmefanya zaidi ya alivyofanya mtu yeyote kwa jengo hilo tangu lifungwe. Huku kwetu mvua zinakatika Aprili au Mei na kurudi Novemba. Kazi ya paa ni ya Juni hadi Oktoba, baridi isiwe kisingizio.

Baada ya mfereji, kenchi, yaani mbao zilizoungwa kubeba paa. Ukumbi wa sinema hauna nguzo katikati, kwa hiyo kenchi zake zinavuka upana wote zikiwa zimelala juu ya kuta mbili tu. Tazameni miisho yake pale inapoingia ukutani, kwa sababu ndipo mchwa na unyevu hukutana. Chukueni bisibisi, choma mbao. Ikizama kama kwenye muhogo uliooza, hapo mtafute fundi seremala anayejua kenchi, na msiruhusu mtu kupanda juu ya dari mpaka aseme.

Sakafu msiiguse. Itakuwa na mteremko kuelekea kwenye skrini, na kila mpangaji mpya wa kumbi hizi huanza kwa kumwaga kifusi na zege ili iwe sawa. Mteremko ule ndio unaofanya mtoto wa mstari wa nyuma aone. Kwa maigizo mtauhitaji kuliko mnavyodhani. Mkitaka mahali pa bapa kwa ajili ya ngoma, tengenezeni jukwaa la mbao la kuhamishika.

Halafu kuna chumba cha mashine, na hapa nitachelewa kidogo kwa kuwa nilianza kazi humo kabla sijashika pima maji. Nilikuwa msaidizi wa mwendesha mashine, kijana wa kubeba makopo na kurudisha nyuma mikanda. Ni chumba kidogo juu nyuma ya ukumbi, kuta nene, dari ya zege, mlango wa chuma unaofungukia nje. Kwenye ukuta wa mbele kuna matundu ya mraba, ya mashine na ya kuchungulia, na juu ya kila tundu kuna kibao cha chuma kinachoning'inia kwa mnyororo. Kwenye mnyororo huo pamewekwa kipande cha madini kinachoyeyuka kwa joto. Moto ukiwaka, kinayeyuka, vibao vyote vinaanguka, na moto unabaki chumbani badala ya kuingia kwa watazamaji. Ujenzi huo una sababu: mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka hata kikizamishwa kwenye maji. Wajenzi wa leo wanakiona chumba hicho wanasema kibanda cha zege kisicho na kazi, wanakivunja cha kwanza. Msikubali. Mkipoteza chumba cha mashine mmebaki na godown.

Mle ndani mlikuwa na mashine mbili pacha, kwa sababu gurudumu moja la mkanda lilimalizika kwa dakika ishirini hivi. Mwendesha mashine alikuwa akitazama kona ya juu kulia ya picha. Kitone cha kwanza kikitokea anawasha mota ya mashine ya pili. Kitone cha pili, sekunde saba baadaye, anahamisha taa. Akisinzia hapo skrini inakuwa nyeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi, na miluzi ya Iringa haina huruma. Kama mmekuta hizo mashine bado zipo, hata zimeshika kutu, zifunikeni kwa turubai na mziache palepale. Angalieni pia bomba la moshi lililokuwa juu yake, maana taa ya kaboni ilitoa moshi. Mara nyingi bomba hilo ndilo tundu la kwanza la kuvuja.

La mwisho ni mwenye jengo. Barua yako inamwita adui, na nadhani mmekosea mlango. Mtu aliyenunua kiwanja katikati ya mji anataka kiwanja kilipe. Ninyi mkimwendea na neno urithi, atawapa chai na kuwasindikiza. Mwendeeni na neno fremu. Jengo lake lilizaliwa na fremu mbele. Mwonyesheni kwa mchoro kwamba maduka ya mbele yakifufuliwa, stoo ikahamishwa, na upande wa uani pakaongezwa safu nyingine ya maduka, atapata kodi bila gharama ya kuvunja na bila kukaa miaka akijenga ghorofa huku fedha zimelala. Ukumbi awakodishe ninyi kwa mkataba wa miaka mingi, ulioandikwa na mwanasheria, unaosema wazi nani anatengeneza paa. Bila kifungu cha paa msisaini.

Atasema hajawahi kuona jengo bovu likigeuka kuwa la maana. Mpelekeni Boma. Jengo lile la Wajerumani lilitengenezwa kwa mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na tangu 2016 ni makumbusho. Watoto wa shule wanaingia na wageni wanalipa. Mfano wa sinema hasa uko Zanzibar: ukumbi wa Royal wa mwanzoni mwa miaka ya 1920 uliungua, ukajengwa upya katikati ya miaka ya 1950 kwa jina la Majestic, ukaja kufungwa, na sasa kuna watu wanaopigania kuufufua ndani ya Mji Mkongwe. Huko wana jina la urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado kazi ni ngumu. Ninyi hamna jina hilo, kwa hiyo msiahidi mji sinema ya kila siku. Ahidini ukumbi mmoja usiovuja wenye shughuli tatu kwa wiki, ziwe mazoezi ya kwaya, mahafali, mashindano ya maigizo ya shule au picha Jumamosi usiku. Kwaya peke yake, hapa Iringa, inaweza kulipa umeme.

Shikamoo babu. Marehemu babu yetu mzaa mama alifanya kazi sinema hapa Mbeya. Kwenye stoo yake tumekuta makopo ya bati ya mviringo yenye mikanda, yananuka siki kali. Kuna pia madaftari na vipande vya vioo vyenye maandishi ya matangazo. Mjomba anataka kuuza makopo kwa wanunuzi wa chuma chakavu na vingine vichomwe. Vina thamani? — Mjukuu, Soko Matola

Marahaba mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Mwambie mjomba asichome chochote, na hili nalisema kwa usalama wake kwanza. Chukueni mkanda mmoja, muutazame pembeni kabisa, nje ya matundu, dhidi ya mwanga wa dirisha. Mkiona limeandikwa neno SAFETY, ni mkanda wa asetati, hauna hatari ya mlipuko. Mkiona NITRATE, au mkanda unaonata na kutoa unga wa kahawia, utoeni nje ya nyumba mahali pa kivuli mbali na jiko, msiufunge kwenye kitu kisichopitisha hewa, na mkatoe taarifa zimamoto. Mikanda ya nitrati iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo mingi ya makopo yenu itakuwa ya asetati.

Harufu ya siki ni asetati inayooza, na mkanda mmoja unauambukiza mwingine. Itengeni inayonuka. Iwekeni mahali pakavu na pa baridi, na kwa bahati baridi ya Mbeya ni ya bure. Msiifungue kwa nguvu, na msiipitishe kwenye mashine yoyote.

Thamani? Picha ya Bombay au ya Hollywood iliyomo humo pengine ina nakala kwingine duniani, na nakala hiyo ni nzima kuliko ya kwenu. Kilicho cha pekee ni hayo madaftari na hivyo vioo. Daftari la sinema linaonyesha picha ipi ilionyeshwa Mbeya usiku gani, waliingia wangapi viti vya chini na wangapi juu, kodi ya burudani ilikuwa kiasi gani. Hakuna mahali pengine kitu hicho kilipoandikwa. Vioo vile vilikuwa vikiwekwa kwenye taa wakati wa mapumziko kutangaza duka la vitambaa, fundi saa, basi la kesho asubuhi. Ni mtaa mzima wa Uhindini kabla ya simu. Vishikeni kwa kingo, visimamishwe wima kama vitabu na karatasi kati ya kimoja na kingine, na msivioshe kwa maji, maana wino hutoka. Vipigeni picha kwa simu vyote leo. Kisha waandikieni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Makopo ya chuma matupu mjomba anaweza kuyauza, hayo sina ugomvi nayo.

Mzee, kwa heshima zote, mnapoteza muda. Kila mtu ana picha kwenye simu. Nani atatoka nyumbani kwenda kukaa ukumbini? — Mfanyabiashara, Makambako

Ndugu yangu, hapo Makambako kila mtu ana simu, na siku ya mechi kubwa watu wanalipa kuingia kibanda umiza wakakae kwenye benchi lisilo na mgongo, jasho kwa jasho. Ungekuwa na ukumbi wenye viti ungejibiwa na mlango wako mwenyewe.

Shikamoo mzee. Tuna ukumbi wa zamani hapa Tukuyu, kuta za matofali ya kuchoma, plasta inabanduka chini kila mwaka. Fundi anataka apige plasta nzito ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Nikubali? — Katibu wa kikundi, Tukuyu

Marahaba. Usikubali. Tukuyu mvua haipumziki, na unyevu unaopanda kutoka chini lazima utoke mahali. Ukiuzibia kwa saruji ngumu utapanda juu zaidi, na mwaka ujao plasta itabanduka kwenye madirisha. Chimbeni mtaro kuzunguka jengo, udongo uliolundikana ukutani uondolewe mpaka chini ya usawa wa sakafu, mtengeneze mifereji ya paa, kisha muache ukuta ukauke msimu mzima ukiwa uchi. Baadaye pigeni plasta laini ya chokaa na mchanga, saruji iwe kidogo sana. Fundi atalalamika kwamba chokaa inachelewa kukauka. Ni kweli, inachelewa.

Mzee, haraka tafadhali. Ukumbi wetu wa zamani una mabati ya asbesto. Vijana wamejitolea kuyashusha Jumamosi kwa nyundo ili tuweke bati jipya. Ushauri? — Mwenyekiti, Njombe

Mwenyekiti, ahirisha Jumamosi. Asbesto ikikaa salama juu haimdhuru mtu, ikivunjwa inatoa vumbi ambalo jicho halilioni na pafu halilisahau. Ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi, vijana wenyewe wakiwa na watoto. Kama mabati ni mazima, yaacheni, rekebisheni matundu tu bila kukata kwa msumeno. Kama ni lazima yatoke, zungumzeni kwanza na ofisa mazingira wa halmashauri awaelekeze mkandarasi na mahali pa kuyazika. Siku ya kazi yaloweshwe maji, misumari ifunguliwe badala ya kung'olewa, kila bati lishushwe zima na kufungwa kwa nailoni nzito. Wanaofanya kazi wavae barakoa za vumbi laini, zile za kitambaa hazifai, na nguo zao zisirudi nyumbani kuchanganywa na za watoto. Na mtu yeyote asichukue kipande kwenda kuezekea banda la kuku.